Kuyafunga Mabano: Jinsi Nilivyojifunza Kutafuta Vigawo

Kwa mwaka mzima wa masomo niliweza kufungua mabano bila shida yoyote, na mwaka huohuo sikuweza kuyafunga. Nikipewa (x + 3)(x + 4), niliandika x² + 7x + 12 kabla mwalimu hajamaliza kulisoma swali. Lakini nikipewa x² + 7x + 12 na kuambiwa nitafute vigawo vyake, nilikaa na kalamu mkononi nikibahatisha namba moja baada ya nyingine, na hata jibu lilipopatikana sikuweza kumweleza mtu nimelipataje. Niliamini kwamba wenzangu waliolipata upesi walijaliwa kipaji ambacho mimi sikupewa. Miaka mingi baadaye mdogo wangu alifika katika mada hiyohiyo, akaniomba nimsaidie, na ni katika kumsaidia ndipo nilipotambua kwamba kikwazo changu kilikuwa mahali ambapo sikuwahi kupatilia shaka. Nilikuwa nafungua mabano haraka mno.

Tuangalie kwa makini kinachotokea tunapozidisha (x + 3) kwa (x + 4). Kila kipande cha mabano ya kwanza hukutana na kila kipande cha mabano ya pili, kwa hiyo kuna mazao manne: x mara x ni x², x mara 4 ni 4x, 3 mara x ni 3x, na 3 mara 4 ni 12. Mtajo kamili basi ni x² + 4x + 3x + 12, na mpaka hapo hakuna kilichopotea, kwa maana mtu yeyote anaweza kuitazama 4x na 3x akajua zimetoka wapi. Hatua inayofuata ndiyo inayofuta nyayo. Tunaijumlisha 4x na 3x, tunapata 7x, na kuanzia hapo namba mbili zilizokuwa zikisimama kila moja peke yake zimeyeyuka ndani ya moja. Anayetafuta vigawo anaombwa aitenganishe tena ile 7, na mtu aliyezoea kuiandika 7 moja kwa moja, bila kuziona 4 na 3 zikipita mbele ya macho yake, hana kumbukumbu ya kumsaidia.

Kwa sababu hiyo nilimpa mdogo wangu kazi iliyomshangaza. Nilimwandikia mabano ya kufungua, mengi kiasi cha kujaza ukurasa, nikamkataza kujumlisha vipande vya katikati. Alitakiwa kusimama kwenye vipande vinne na kwenda swali linalofuata. Alipofika swali la sita au la saba aliinua kichwa akasema, “Dada, mbona namba ya mwisho na zile mbili za katikati ni zilezile? Hapa zimezidishwa, pale zinangoja kujumlishwa.” Sikuwa nimemwambia kanuni yoyote. Alichokisema ndicho vitabu hukieleza kwa maneno mazito zaidi, kwamba katika x² + bx + c tunatafuta namba mbili ambazo zao lake ni c na jumla yake ni b, lakini yeye alikuwa ameiona kabla ya kuisikia, na kwa maoni yangu tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kanuni uliyoisikia husahaulika usiku wa kuamkia mtihani. Uliyoiona ikijitokeza chini ya mkono wako unaweza kuiunda upya hata ukiwa umeisahau.

Baada ya hapo swali lililobaki ni la utaratibu: tuanze na jumla au tuanze na zao? Mimi nilikuwa nikianza na jumla, kwa kuwa kujumlisha ni rahisi, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Chukua x² + 5x − 24. Namba mbili zenye jumla ya 5 hazina mwisho: 1 na 4, 2 na 3, 6 na −1, 7 na −2, 100 na −95, na kuendelea milele. Lakini namba kamili ambazo zao lake ni 24, ukiziacha alama kando kwa muda, ni jozi nne tu: 1 na 24, 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6. Zao huuwekea utafutaji mipaka, na ndani ya mipaka hiyo hakuna haja ya kubahatisha, kwa sababu unaweza kuzipitia jozi zote na kujua kwa hakika kwamba umezimaliza.

Alama nazo hujieleza zenyewe ukizisoma kwa mpangilio huohuo. Namba ya mwisho ikiwa chanya, namba mbili tunazozitafuta zina alama moja, na namba ya katikati ndiyo inayosema kama zote ni chanya au zote ni hasi. Namba ya mwisho ikiwa hasi, kama ilivyo −24, alama zinatofautiana. Basi tunachokitafuta katika orodha yetu ya jozi ni tofauti wala si jumla, na namba kubwa kati ya hizo mbili ndiyo inayobeba alama ya kipande cha katikati. Tofauti za jozi zetu nne ni 23, 10, 5 na 2. Tunataka 5, kwa hiyo jozi ni 3 na 8, na 8 ndiyo iliyo chanya: (x + 8)(x − 3).

Kuhusu kutoa kigawo cha shirika, yaani kile kinachogawa kila kipande cha mtajo, sina mengi ya kusema, ila kwamba kije mwanzo kila mara. Anayeitazama 2x² + 10x + 12 asitangulie kuhangaika na 2 iliyo mbele. Aitoe nje ya mabano, abaki na 2(x² + 5x + 6), na kazi iliyokuwa ngumu inakuwa ileile aliyokwisha kuizoea, yaani 2(x + 2)(x + 3).

Ugumu wa kweli huja pale namba iliyo mbele ya x² inapokataa kuondoka. Mdogo wangu aliletewa 6x² + 11x − 10 na akakwama kabisa, kwa sababu sasa kila bano linaweza kuanza na x na 6x au 2x na 3x, huku 10 nayo ikigawanyika kwa njia zake, na uwezekano unakuwa mwingi. Darasani alikuwa amefundishwa njia ya mkato: zidisha namba ya kwanza kwa ya mwisho, upate −60, tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −60 na jumla yake ni 11, ambazo ni 15 na −4, kisha igawanye 11x kwa namba hizo. Aliifuata, akapata jibu, na bado akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake sikulithubutu: kwa nini tunazidisha 6 kwa −10, ilhali namba hizo ziko pembe mbili tofauti za mtajo na hazijawahi kukutana?

Jibu linapatikana kwa kurudi kulekule kwenye vipande vinne. Tuseme mabano yetu ni (px + q)(rx + s). Tukiyafungua polepole tunapata prx² + psx + qrx + qs. Namba ya kwanza ni pr, ya mwisho ni qs, na vipande viwili vya katikati ni ps na qr. Sasa zidisha vile viwili vya katikati: ps mara qr ni p, q, r na s zote zikiwa pamoja. Zidisha ya kwanza kwa ya mwisho: pr mara qs, na hizo pia ni p, q, r na s zote pamoja. Ni herufi zilezile nne, zimepangwa tofauti tu. Kwa hiyo vipande viwili vilivyoyeyukia ndani ya 11 lazima vizae −60 vikizidishwa, kwa kuwa −60 ndiyo zao la namba ya kwanza na ya mwisho. Sijui kama naweza kueleza vya kutosha jinsi mstari huu mmoja ulivyonituliza nilipouandika kwa mara ya kwanza. Kwa miaka yote hiyo niliibeba njia ile kama dawa iliyotolewa bila maelezo, na kumbe maelezo yake yalitosha kuandikwa pembeni mwa ukurasa.

Kazi inayobaki ni nyepesi. Tunaandika 6x² + 15x − 4x − 10, tunavigawa vipande hivi viwili viwili, na kila jozi tunaitolea kigawo chake cha shirika: 3x(2x + 5) − 2(2x + 5). Mabano (2x + 5) yametokea mara mbili, kwa hiyo nayo ni kigawo cha shirika, na jibu ni (2x + 5)(3x − 2). Mdogo wangu aliogopa kwamba labda alipaswa kuitanguliza −4x. Nilimwambia ajaribu, akapata 2x(3x − 2) + 5(3x − 2), na jibu likawa lilelile kwa kupitia mlango mwingine. Jambo moja tu nilimsisitizia, kwa maana limewaangusha wengi: unapotoa −2 nje ya −4x − 10, alama ya ndani inageuka na kuwa + 5. Asiyeiangalia alama hiyo hupata mabano mawili yasiyofanana, akadhani njia imeshindwa, kumbe kilichokosewa ni alama moja.

Kuna jambo jingine ambalo laiti ningeambiwa mapema, nalo ni kwamba mitajo mingi haina vigawo vya namba kamili hata kidogo. Maswali ya vitabuni huchaguliwa ili yafunguke, na mwanafunzi anayefanya maswali hayo peke yake hujenga imani kwamba kila mtajo utafunguka ukiusumbua vya kutosha. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikihangaika na x² + 7x + 9, ambao niliuandika kwa kukosea namba moja wakati wa kunakili swali. Kipimo kipo, na hakichukui nusu dakika: katika ax² + bx + c, kokotoa b² − 4ac. Namba hiyo ikiwa mraba wa namba kamili, kama 0, 1, 4, 9 au 289, vigawo vya namba kamili vipo. Isipokuwa hivyo, havipo. Kwa x² + 7x + 12 tunapata 49 − 48, yaani 1, na kwa 6x² + 11x − 10 tunapata 121 + 240, yaani 361, ambayo ni 19 mara 19. Kwa ule mtajo ulionila jioni yangu tunapata 49 − 36, yaani 13, na 13 si mraba wa namba kamili yoyote. Ningeweka kalamu chini nikaenda kulala.

Swali ambalo wanafunzi huliuliza kwa haki kabisa ni kwamba haya yote ya nini. Jibu langu ni sifuri. Namba mbili zikizidishwa zikatoa 12, huwezi kujua ni zipi. Lakini zikizidishwa zikatoa 0, lazima mojawapo iwe 0, na hakuna namba nyingine yenye sifa hiyo. Mlinganyo x² + 5x − 24 = 0 hauoneki una siri gani, lakini ukiuandika (x + 8)(x − 3) = 0, tayari umegawanyika kuwa milinganyo miwili midogo ambayo hata mtoto anaweza kuikokotoa: x ni −8 au x ni 3. Hapa ndipo linapozaliwa kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, la mtu kuandika (x − 2)(x − 3) = 2 na kuendelea kusema kwamba x − 2 = 2 au x − 3 = 2. Amechukua sifa ya sifuri akaipa namba isiyo nayo. Lazima kwanza airudishe ile 2 upande wa kushoto, afungue mabano, kisha atafute vigawo upya; atapata x² − 5x + 4 = 0, na majibu yake ni 1 na 4.

Inanishangaza kila nikikumbuka kwamba njia hii tunayofundishwa mwanzoni ilichelewa sana kuja. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na ambaye neno al-jabr katika jina la kitabu chake ndilo lililotupa neno aljebra, hakutafuta vigawo kwa namna yetu. Mfano wake maarufu ni x² + 10x = 39. Alichora mraba wenye upande wa x, akaubandikia mistatili yenye jumla ya eneo la 10x, na pengo lililobaki pembeni likahitaji eneo la 25 ili mraba mkubwa ukamilike. Kwa kuwa 39 na 25 ni 64, upande wa mraba mkubwa ni 8, na x ni 3. Ni kazi ya kupendeza, na inaonekana kwa macho, lakini hutoa jibu moja tu, kwa kuwa upande wa mraba hauwezi kuwa hasi. Sisi tukikileta kila kitu upande mmoja tunapata x² + 10x − 39, yaani (x − 3)(x + 13), na jibu la pili, −13, linajitokeza lenyewe. Thomas Harriot wa Uingereza, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake, aliionyesha milinganyo kama mazao ya mabano, na mwanahisabati René Descartes akaeleza mwaka 1637 kwamba kila jibu a la mlinganyo huendana na kigawo x − a.

Kauli hiyo ya Descartes ndiyo inayotuvusha kwenye vipeo vya juu. Kwa x³ − 4x² + x + 6 hakuna jozi ya kutafuta, lakini ukiweka 2 mahali pa x unapata 8 − 16 + 2 + 6, yaani 0, na hapohapo unajua kwamba x − 2 ni kigawo. Ukigawanya kinabaki x² − 2x − 3, ambacho ni (x − 3)(x + 1). Namba za kujaribu nazo si za kuokota popote: mbele ya x³ kukiwa na 1, jibu lolote la namba kamili lazima liigawe namba ya mwisho, kwa hiyo hapa tulikuwa na 1, 2, 3 na 6 tu, pamoja na hasi zake.

Nimeiweka mwishoni aina ninayoipenda kuliko zote, nayo ni tofauti ya miraba miwili: a² − b² = (a + b)(a − b). Fungua mabano polepole na utaona vipande vya katikati, −ab na ab, vikifutana bila kuacha kitu. Hapa nyayo zimefutika kabisa, na ndiyo sababu wanafunzi huukodolea macho mtajo kama x² − 49 wakidhani kuna kitu kimesahauliwa. Uzuri wake ni kwamba haufanyi kazi kwenye herufi peke yake. Ukiulizwa kama 2491 ni namba tasa, unaweza kuanza kuigawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, au unaweza kuona kwamba ni 2500 − 9, yaani 50² − 3², na papo hapo una 53 mara 47.

Jumla ya miraba miwili, kwa upande wake, hufundishwa kama ukuta: x² + 9 haivunjiki kwa namba za kawaida, na kweli haivunjiki. Wengi wetu hutoka hapo na imani kwamba chochote chenye umbo la kujumlisha miraba hakivunjiki, na hatuko peke yetu. Gottfried Wilhelm Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, aliandika mwaka 1702 kwamba x⁴ + a⁴ haiwezi kugawanywa kuwa vigawo viwili vya kipeo cha pili vyenye namba halisi, yaani zile namba za kawaida, na alikosea. Tasnifu ya mwanahisabati Carl Friedrich Gauss ya mwaka 1799 ilihusu hoja iliyo kinyume kabisa, kwamba kila polinomia ya namba halisi, yaani mtajo wa vipeo vya x kama hii tuliyoiona, huvunjika mpaka kufikia vigawo vya kipeo cha kwanza au cha pili.

Ufunguo wa kuuvunja mtajo wa namna hiyo ni kuongeza kitu na kukiondoa hapohapo. Nilimwonyesha mdogo wangu kwa x⁴ + 4. Ongeza 4x² ili upate mraba kamili, kisha itoe: x⁴ + 4x² + 4 − 4x². Vipande vitatu vya mwanzo ni (x² + 2)², cha mwisho ni (2x)², na sasa tuna tofauti ya miraba miwili. Jibu ni (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Alikagua kwa x = 3: 81 na 4 ni 85, upande wa pili ni 17 mara 5, na 17 mara 5 ni 85. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mwingine, nikamwandikia x⁴ + x² + 1 na kuondoka mezani.

Niliporudi alikuwa ameandika x⁴ + 2x² + 1 − x², chini yake (x² + 1)² − x², na chini yake tena (x² + x + 1)(x² − x + 1). Pembeni, bila kuambiwa, alikuwa ameweka 10 mahali pa x, na alikuwa akizidisha 111 kwa 91 kwa mkono ili aone kama kweli itatoka 10101.